Mdudu wa Meza ya Saba

Mdudu alikuwa anatembea. Wiki iliyopita mliniacha nimekodoa macho kwenye simu ya Bwana Hershel, meneja wa ukumbi, na mdudu mwenyewe alikuwa hajafika ukingoni mwa jani. Sasa akafika. Akainua kichwa, akatazama huku, akatazama kule, kama mgeni wa harusi aliyekosa kiti.

"Rudisha nyuma," nikasema.

"Nimerudisha mara tano, Frimet."

"Basi ya sita."

Hershel akarudisha. Mkono wa mwanamke, kucha safi, pete yenye jiwe la buluu. Uma unafunua jani la letusi. Sauti tamu, tamu mpaka inakera, inasema: "Dada zangu wapenzi, hii ni harusi ya jana. Ukumbi mkubwa, muhuri mkubwa. Mnajua mnachokula?"

Kama wewe umedandia hadithi leo, nijue basi. Mimi ni Frimet Zupnik, mjane, mkaguzi wa mboga katika ukumbi wa Gan Simha, Borough Park, mtaa wetu wa Wayahudi washika dini, miaka kumi na tisa. Kazi yangu ni moja: mdudu asiingie kinywani mwa Myahudi. Watu wanadhani nguruwe ndiye mwisho wa uchafu. Torati inamhesabia mtu makosa mengi zaidi kwa mdudu mmoja kuliko kwa tonge la nguruwe.

Kila jani la ukumbi ule linapita mikononi mwangu. Naosha kwa sabuni mara tatu, nachuja maji ya mwisho kwenye kitambaa cheupe, natandaza kitambaa juu ya meza ya taa, natazama mpaka macho yanatoa maji. Nikisema safi, rabi anaweka muhuri wake na maharusi wanakula. Neno langu hilo ndilo kila kitu nilicho nacho, kwa sababu mkaguzi asiyeaminika ni mwanamke tu mwenye ndoo ya maji.

"Wameangalia elfu arobaini," Hershel akasema. "Na bado hatujanywa hata chai."

"Wanasemaje?"

"Usitake kujua."

"Simu yangu ni ya kukunja, Hershel, haina hata kamera. Nisomee."

Akasoma.

"'Sisi nyumbani letusi haijaingia tangu enzi za babu.'"

"Babu yake kule Hungaria alikula viazi. Angeiona wapi letusi?"

"'Mimi hata stroberi naimenya ganda.'"

"Hongera zake."

"'Waliokula pale wafunge siku nzima watubu.'" Hershel akakohoa. "Halafu hii... 'Nilijua tu. Yule mkaguzi wigi lake refu mno. Mwanamke wa wigi refu ataona mdudu wapi?'"

Nikashika wigi langu, ambalo kila mke wa kwetu hufunikia nywele zake. Linafika mabegani, basi. Ndivyo walivyo wanawake hawa. Wana masufuria mawili, la nyama na la maziwa, wana sinki mbili, wana taulo mbili, lakini mdomo wanao mmoja, na huo hawajauosha tangu wazaliwe. Wanasaka kijidudu kwenye mboga kwa miwani ya kukuza, kisha wanakaa kumtafuna mjane mzimamzima, na hakuna anayeuliza kama nyama hiyo ina muhuri.

"Rabi Oistreicher anakuja saa saba na robo," Hershel akasema. Hakunitazama. "Ukiwa na jibu, sawa. Usipokuwa nalo, anatoa tangazo kabla ya mishumaa. Kwamba neno lako halitegemewi tena."

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Mishumaa ya Sabato inawashwa saa kumi na robo. Ikishawaka, simu zote za Borough Park zinazimwa, lakini midomo haizimwi. Kesho yake kila sinagogi, juu ya samaki na kugeli, ile keki yetu ya viazi, kitakachotafunwa ni jina langu. Tangazo la Ijumaa halina wa kulijibu mpaka Jumamosi jioni, na kufikia hapo maiti imeshazikwa.

"Namtaka mdudu," nikasema.

"Nini?"

"Picha si mdudu. Namtaka mwenyewe. Nani huyu mwenye pete?"

Hershel akajikuna ndevu. "Anajiita Sahani Safi. Haonyeshi uso, ni mikono tu. Kwa ajili ya staha."

Staha! Uso anauficha, roho mbaya anaianika.

Sikuhitaji kumtafuta. Saa tano mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia mwanamke mrefu, kilemba juu ya wigi, maana kwao wigi peke yake ni uchi. Mkononi ana simu, na mwenziwe nyuma amebeba taa ya kurekodia. Nikaitazama pete. Jiwe la buluu.

Nilimjua. Shaindel Mermelstein, mke wa muuza vitabu. Tulisoma shule moja, yeye madarasa mawili nyuma yangu. Alikuwa mtoto wa kuwachungulia wenzake sanduku la chakula na kwenda kusema kwa mwalimu.

"Dada zangu," akaanza kuiambia simu, "nimerudi ukumbini, kwa upendo kabisa, kumpa nafasi mkaguzi..."

"Shaindel, zima hicho kitu."

Akashtuka. Nadhani hakutegemea kusikia jina lake.

"Mama Zupnik, mimi sina ugomvi na wewe. Naokoa roho za watu."

"Roho ungeziokoa kwa kuniita jana hapohapo mezani. Nilikuwa hatua ishirini. Ungesema, Frimet, njoo uone. Sahani mia nne zingenyanyuliwa kabla mtu hajameza. Wewe ukamrekodi mdudu, ukawaacha watu waendelee kula!"

Mwenziwe akashusha taa. Hilo halikuwa limempitia akilini.

"Ilikuwa ushahidi," Shaindel akasema.

"Vizuri. Ushahidi uko wapi?"

Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha mezani kilichokunjwa. Alikuwa amemhifadhi mdudu, akalala naye, akaamka naye. Nikamchukua kwa kibanio, nikamweka juu ya kioo cha meza ya taa, nikavuta lenzi.

Niliinama dakika nzima. Kisha nikacheka. Mnisamehe, nilicheka kwa sauti.

"Kuna nini cha kuchekesha?" akauliza.

"Wadudu wa letusi nawajua kwa majina. Kuna vidukari, wa kijani, wadogo kuliko mbegu ya ufuta. Kuna weusi wembamba kama kipande cha uzi. Huyu ni mweupe, mnono, kichwa cha kahawia, na ona, anaburuta uzi wa utando. Huyu ni kiwavi wa nondo wa ghalani. Anakula karanga na lozi. Hajawahi kuonja jani tangu aumbwe."

Marisol, mama wa Kimeksiko tuliyeosha naye majani miaka tisa, akafunga bomba ili asikie vizuri.

"Kokote alikotoka," Shaindel akasema polepole, "alikuwa kwenye sahani yako."

"Ukumbi huu hauna lozi. Hauna karanga. Bwana Hershel alizipiga marufuku tangu yule bwana harusi alipovimba uso. Hershel, kweli si kweli?"

"Kweli."

"Kwa hiyo aliingia na mtu."

Hapo nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Shaindel alibadilika rangi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, hofu ya mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Nirudishie mdudu wangu," akasema.

"Mdudu wako?"

"Nimesema nirudishie, Frimet!"

Akanyoosha mkono wenye pete. Nikamfunika kiwavi kwa bilauri. Tukatazamana, wanawake wazima wawili wa Borough Park, mama wa watoto, tunagombania funza. Mbingu zilikuwa zinatuona, na nina hakika zilikunja pua.

Akainama karibu na sikio langu. Manukato yake yalikuwa ya waridi. "Sikiliza. Naifuta ile video sasa hivi. Naandika nilikosea. Yaishe."

"Elfu arobaini wameshaona."

"Frimet, usichimbe. Nakuambia kama dada. Utakachokikuta hutakipenda."

Akaondoka, mwenziwe akikimbia nyuma na ile taa.

Sasa niambieni, mtu mwenye akili, akiambiwa asichimbe, anafanya nini?

"Senyora Frimet," Marisol akaniita. Alikuwa anajifuta mikono. "Meza ya saba. Wale mama wa vilemba, na huyu aliyetoka alikuwa nao. Walikuwa na pakiti yao."

"Pakiti gani?"

"Ya kunyunyizia. Nilipopita kuchukua sahani walikuwa wanajinyunyizia kwenye saladi. Moja, wanapokezana."

Nikamgeukia Hershel. Alikuwa anatazama dari.

"Hershel."

"Walisema hawali cha ukumbi bila kuweka na chao..."

"Hershel! Sheria ya kwanza ya jiko hili ni nini?"

"Kisicho na muhuri wetu hakiingii. Lakini Frimet, wale ni watu wa daraja la juu. Muhuri wao ni mkali kuliko wetu. Ningewaambiaje? Kwamba wao si wasafi?"

Haya ndiyo yanayonitapisha. Kwetu mtu akiongeza katazo, hakuna anayethubutu kumkagua. Huyu hanywi maziwa mpaka Myahudi asimame ng'ombe akikamuliwa. Yule hali letusi. Yule hali kwa mama yake mzazi. Kila mmoja anapanda ngazi ili amtemee mate aliye chini, na aliye juu kabisa anapita mlangoni na pakiti ya funza chini ya koti, na meneja anamfungulia na kumwinamia.

"Taka za jana ziko wapi?"

"Uani. Gari la taka linakuja saa saba. Lakini Frimet, hutaweza..."

Nilikuwa nimeshavaa glavu.

Wasomaji wangu, mlio mezani, sogezeni sahani pembeni. Mifuko ilikuwa thelathini na nane. Harusi ya watu mia nne, kisha usiku mmoja wa baridi isiyotosha kugandisha. Nikapasua wa kwanza. Ngozi za samaki. Kuku wa baridi aliyeganda kwenye mafuta yake. Mikate ya kusuka iliyolowa supu ikavimba. Mtu alikuwa ametapikia kitambaa cha hariri akakikunja vizuri kabisa.

Marisol akapasua upande wa pili. Mfuko wa kumi ulinipasukia miguuni, maji ya kachumbari yakaingia kiatuni. Wa kumi na saba ulikuwa na ini la kusaga. Nilitapika kidogo, nikajifuta kwa mkono wa koti, nikaendelea. Hershel alisimama mlangoni ameziba pua kwa tai, akisema "Mungu wangu, Mungu wangu," bila kushika kitu.

Saa saba kasoro dakika tano tukasikia gari la taka kwenye kona. Marisol akanyanyua mkono.

"Senyora."

Pakiti ndogo ya kung'aa, rangi ya dhahabu. Mbele imeandikwa: *Sahani Safi. Lozi za Sukari. Zimekaguliwa Mara Tatu.* Ilikuwa nusu. Nikaipeleka mbio kwenye meza ya taa, nikaimwaga.

Zilikuwa zimeshikana kwa utando. Nikazitenganisha na kibanio. Kiwavi mmoja. Wawili. Kumi na mmoja, wanene, wengine wamejikunja ndani ya lozi iliyobaki ganda tupu. Wanawake sita wa vilemba walikuwa wamenyunyizia hii juu ya majani yangu masafi, wakatafuna, wakasifiana kwa uchaji wao.

Nyani haoni kundule. Nikajisikia mwepesi, nikataka kuimba. Hershel akanipiga picha nikiwa na pakiti, akasema, "Umeshinda! Frimet, umeshinda! Rabi akiona hii, wewe ndiye malkia!" Akakimbia kwenda kumngoja rabi barabarani. Marisol akarudi uani kufagia.

Nikabaki peke yangu. Nikaigeuza pakiti ili niisome nyuma, kwa kuwa sheria inataka kila pakiti iwe na kibandiko cha aliyekagua, kwa jina lake kamili. Nilitaka kumjua huyo aliyezitazama lozi hizi mara tatu asione funza kumi na wawili, ukimhesabu na yule wa Shaindel.

Kibandiko kilikuwepo. Kidogo, cheupe, kwa wino wa buluu.

*Mkaguzi: Yitta Wolner.*

Yitta wangu. Binti yangu wa mwisho. Niliyemsimamisha juu ya kigoda kwenye meza hiihii akiwa na miaka saba, nikamfundisha kushika kibanio. Ameolewa mwaka wa pili, mumewe anashinda kwenye masomo ya Torati kutwa, na yeye aliniambia amepata kazi ya kujibu simu kwa daktari wa meno.

Nikatoa simu, nikaikunjua. Vidole vilikuwa vinanuka samaki.

"Mama! Sabato njema! Nimekutengenezea ule..."

"Yitta. Unamfanyia kazi Shaindel Mermelstein?"

Nyuma yake mtoto alikuwa analia.

"Ningekuambia ungekataa," akasema.

"Lozi ulizikagua?"

"Za mwanzo zote, Mama. Naapa. Punje kwa punje, kama ulivyonifundisha."

"Na hizi za juzi?"

"Mtoto alikuwa na homa siku tatu. Shaindel akawa anapiga simu, anapiga simu, wateja wanangoja, bandika, Yitta, bandika tu, nani ataona." Akaanza kulia. "Mama, ni pakiti arobaini tu."

Arobaini. Zimeshaingia katika majiko arobaini, na kesho zinawekwa mezani. Nilitaka kumtukana. Nilitaka kumkumbatia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Nikisema ukweli, jina langu linatakata, na jina la Yitta linakufa akiwa na miaka ishirini na tatu. Si kazi tu. Nyumbani kwake hakuna atakayekula tena. Mwanawe akikua, hakuna atakayemwoza binti. Watasema, mama yake ni yule wa funza. Watu hawa hawasahau, na sasa wana simu za kuwakumbusha.

Nikasikia viatu ukumbini. Viwili vya Hershel, vyepesi. Viwili vizito, vya mzee.

"Rabi, njoo uone mwenyewe, amepata ushahidi!"

"Mama?" Yitta aliita. "Mama, nani huyo?"

Simu nikaidumbukiza kwenye mfuko wa aproni. Kwa kucha nikakibandua kibandiko. Kikatoka na kipande cha utando. Kikaning'ang'ania kidole cha kwanza, nikakihamisha, kikaning'ang'ania cha pili. Nikakisugua kwenye aproni, hakitoki. Mlango ukasukumwa. Sikufikiri, naapa sikufikiri. Nikakitia kinywani.

Rabi Oistreicher aliingia, ndevu nyeupe, kofia mkononi. Akaitazama meza ya taa. Akawatazama viwavi, mmoja mmoja, bila haraka. Akaichukua pakiti, akaigeuza.

"Hizi si za ukumbi," akasema.

"Hapana, Rabi," Hershel akadakia. "Ni za Sahani Safi mwenyewe! Mchimba kisima kaingia!"

"Namuuliza Bi Zupnik." Akanyanyua macho, ya mtu mpole aliyechoka. "Mboga zako ni safi. Naliona hilo, na nitalisema kabla ya mishumaa. Lakini hapa nyuma palikuwa na kibandiko, gundi bado mbichi. Nani alizikagua lozi hizi? Lazima nijue sasa hivi. Zipo kwenye nyumba za watu, na mtu huyo asiguse chakula cha Israeli tena."

Miaka kumi na tisa sijawahi kupitisha jani lenye doa. Nikafungua mdomo, kibandiko kikiwa chini ya ulimi, na nikapitisha uongo mzima.

"Mimi, Rabi."

Hershel akaguna kama aliyepigwa.

"Wewe?"

"Mimi ndiye niliyezikagua. Nilipokea kazi ya pembeni. Sikuangalia vizuri."

Rabi akaiweka pakiti chini taratibu. Akaitazama mikono yangu. "Frimet," akasema, na hakuwahi kuniita kwa jina, "ukisema hivyo mara ya pili, nitalazimika kuamini. Ni wewe?"

"Ni..."

"Anadanganya!"

Rabi akarudi nyuma hatua. Hershel akatazama dari, kisha sakafu, kisha aproni yangu. Simu ya kukunja, wasomaji wangu, usipoikunja haikatiki.

"Rabi, anadanganya!" Yitta alikuwa anapiga kelele ndani ya mfuko wangu, na mtoto anapiga kelele pamoja naye. "Jina lilikuwa langu! Mwambie afungue mkono! Mwambie akuonyeshe kibandiko!"

Rabi Oistreicher akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Bi Zupnik. Kibandiko kiko wapi?"

Chini ya ulimi wangu, palepale nilipokificha, kitu kilikuwa kimeanza kutembea.